Papi za Baba Mkwe

Siku niliyotoka migombani nikamwita baba mkwe kwa mdomo wangu, yeye alikuwa juu ya kenchi za paa, nyundo mkononi, na bati la kwanza limeegemezwa ukutani.

"Baba, teremka. Papi ya chini umeiweka pabaya."

Aligeuza uso upesi kama aliyemwagiwa maji. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Mimi nilifanya yote mawili.

Nilikuwa nimechoka. Mume wangu, karani Iringa, alifikisha bati Uyole kwa lori akarudi kazini, ujenzi akamwachia baba yake. Sasa nyumba haina paa, na aliye juu yake anaona kila chumba na uwanja mzima. Basi tangu asubuhi hadi mzee ashuke, nilijificha migombani na mwanangu, ukungu ukitulowesha, kifua cha mtoto kikikoroma. Kupika, nilipika kwa jirani.

Mzee alikuwa hodari wa kuezeka nyasi. Kwa hiyo papi, zile mbao za kupigiliwa bati, alizipanga kama fito: ya mwisho akaikomesha usawa wa ukuta, ukingo uning'inie wenyewe. Nyasi hukubali. Bati ukiliacha hivyo, upepo wa huku unaingia chini yake na kulibandua, na mvua zilikuwa zimekaribia.

Nilimtuma wifi yangu: "Mwambie baba ile papi aishushe mpaka ncha ya kenchi."

Akarudi. "Amesikia."

Kesho yake papi ipo pale pale. Nikamtuma tena, safari hii nikajibanza nyuma ya ukuta nisikilize.

"Baba, mkamwana wako anakushukuru kwa kazi nzuri."

"Mwambie bado kidogo."

Aliporudi nikamuuliza kama ndivyo nilivyomtuma. Akacheka. "Wifi, unataka nimwambie baba yangu hajui kujenga? Nenda kamwambie wewe."

Nikaenda.

Mzee alishuka, akaondoka. Jioni wifi akaleta ujumbe, huo hakuupunguza hata kidogo: hapandi tena, wala fundi mwingine asiguse, mpaka nilipe ng'ombe wa kosa.

Jumapili baada ya ibada nilisimama mbele ya wazee wa kanisa, mtoto mgongoni, nikataka mashtaka yangu yaandikwe hivi: "Namshtaki baba mkwe wangu. Ameiacha nyumba wazi kwa sababu nimemwambia kweli. Naomba baraza limwamuru ashushe papi, au aruhusu fundi mwingine. Kama kusema naye ni kosa, nihukumiwe, lakini bati likiwa juu."