Pakiti ya Chipu Ndani ya Kofia ya Kaka

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni ya neno moja tu: "ila". Kaka yangu alikuwa amerekodi ujumbe akiwa melini, nyuma yake mashine inanguruma kama kinu cha kusaga unga, akasema hivi: "Assalaam aleikum. Mwambieni mama tuko salama sote, ila..." Hapo ikakatika. Kaka hakunyamaza mwenyewe. Ilikatika kwa mlio mdogo, tak, kama simu iliyotolewa mkononi mwa mtu.

Watu wa pwani mtanielewa. Kwetu hata nyumba ikiungua, mtu akiulizwa habari atajibu njema kwanza, halafu ndipo aje na ila yake. Habari yenyewe hukaa nyuma ya ila. Nami nilikuwa nimesimama nje ya duka tunalotengenezea simu pale Ukunda, jua la saa nane linanichoma utosi, naisikiliza ile sauti tena na tena nikitumai kwamba mara hii itaendelea.

Kaka ni baharia. Kazi yake iko chini kabisa, kwenye injini, kutia mafuta na kufuta mafuta. Meli yao ni ndogo, ya makontena, inazunguka bandari za Asia. Alipokuwa anaondoka mara ya mwisho, watu wa mtaani kwetu Msambweni walikuja na maagizo yao. Ndiyo desturi. Baharia akisafiri, kila mtu ana lake la kumwagiza, na kukataa ni aibu. Jirani alitaka miwani ya kusomea. Shangazi alitaka kitambaa cha buibui kisichopauka. Mwalimu wa madrasa alitaka saa ya ukutani inayoadhini. Mimi niliagiza chipu.

Shule niliishia kidato cha pili, lakini mikono yangu imetulia, na bosi wangu, mtu wa bara mwenye maneno mengi na moyo mzuri, alikubali kunifundisha kazi. Simu nyingi zinazoletwa kwetu zimekufa chipu ya chaji, kidude kidogo kuliko punje ya choroko kinachoruhusu umeme uingie kwenye betri. Kikifa hicho, simu ni kigae. Za kununua huku ni za shida, na nyingi ni bandia. Basi kaka akanihadithia kwamba katika mji mmoja wa China kuna soko ambako wanawake wamekaa nyuma ya meza za vioo wanauza chipu kwa kijiko, kama hiliki. Nililiota soko hilo siku nyingi. Nilijiona nami nina duka langu, mlango wa kioo, mtungi wa asumini mlangoni, na chipu zangu kwenye vikopo.

Akaninunulia. Akanitumia picha: mfuko mdogo wa rangi ya fedha, ameufungia ndani ya kofia yake ya swala, ile ya vitobo aliyoshonewa na mama, ili begi likibanwa zisivunjike. Nilicheka kwa furaha mpaka bosi akaniuliza kama nimeposwa.

Sasa, jioni ya siku ile ya "ila", nikapigiwa simu na mwanamke wa Mwabungo ambaye mume wake yuko meli moja na kaka. Mume wake alikuwa amewahi kumwandikia maneno machache kabla simu yake nayo haijazimwa.

"Meli imezuiwa bandarini," akaniambia. "Askari wamepanda. Kuna kontena limeandikwa vipuri vya friji, wao wanasema ndani mna chipu zinazopelekwa China kwa kificho. Sasa wanapekua kila kitu, mpaka mito ya kulalia."

 Nikaingia ndani nikakaa juu ya kasha la betri.

"Kuna nini?" bosi akauliza.

Nikamweleza. Akaweka kibano chini. Bosi hapitwi na habari za dunia, redio yake haizimwi, na hupenda kuzieleza kama vile yeye ndiye aliyeamua.

"Sikia. Marekani imekataza China isiuziwe zile chipu kali, za kompyuta za akili bandia. Na mashine za kuzitengenezea pia wamenyimwa. China nao wakasema sawa, tutajitengenezea wenyewe. Na wanajitengenezea, si umeona hizi simu mpya? Ukifungua ndani, chipu ni za kwao, hata sisi tunaanza kusoma upya. Lakini zile kubwa kabisa bado hawajazifikia. Kwa hivyo kuna watu wanazipitisha mlango wa nyuma. Kwenye karatasi imeandikwa nchi hii au nchi ile, kumbe mzigo unaenda China."

"Na za kwangu?"

"Za kwako ni za simu, tena mtumba. Hazikatazwi na mtu. Isitoshe zako zinatoka China, hizo wanazotafuta zinaingia China. Wewe tulia."

"Bosi, huyo askari atajua tofauti?"

 Akachukua kibano, akakirudisha.

"Mwenye kujua atajua," akasema.

"Zimefichwa ndani ya kofia."

"Zimefichwa?"

"Zimehifadhiwa."

"Eh," akasema bosi. Redio ikaendelea kuongea peke yake.

Hicho ndicho kilichonikosesha raha. Mimi nikiiona kofia ile naona mapenzi ya ndugu. Mtu mgeni akiifungua akakuta mfuko wa fedha umejaa chipu, ataona nini? Kijana mweusi wa chumba cha injini, kwenye meli inayoshukiwa, ana chipu ndani ya kofia. Nilijaribu kuwaza mambo mazuri kama nilivyozoea. Kila nililowaza liliishia mlangoni mwa jela.

Nikaenda nyumbani Msambweni. Mama alikuwa barazani anachagua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaka yako kasemaje?"

"Kasema wako salama."

"Halafu?"

"Halafu mtandao ukakatika."

"Mtandao," mama akasema, akatupa kokoto uani. "Mbona uso wako kama umelamba shubiri?"

Sikuweza kumficha. Nikamwambia yote, la kontena na la pakiti. Alisikiliza bila kunitazama, vidole vinaendelea na mchele.

"Ndani ya kofia yangu?"

"Ili zisivunjike, mama."

"Wewe hukuweza kuagiza kitambaa kama wenzio?"

Machozi yakanitoka. Aliponiona akasogeza ungo pembeni. "Nyamaza. Mimi mwenyewe nilimwagiza udi, na udi nao ukiufungua hujui ni nini. Wote tumembebesha." Kisha akasema ataita watu waje wamsomee dua.

Nikamsihi asiite. Dua ikisomwa kwetu, kesho yake mpaka Lunga Lunga watakuwa wameshamfunga kaka, na kuna watakaosema alikuwa mwizi tangu zamani. Tukakubaliana tutasoma wenyewe. Tukawa tunasoma kila baada ya alfajiri, mama na mimi, mlango umerudishwa. Jirani wa miwani alipopita kuuliza habari za baharia wetu, mama alijibu njema, na hakuongeza neno.

Siku zilikwenda hivyo. Dukani nilivunja kioo cha simu ya mteja, na bosi hakunigombeza, ikawa mbaya zaidi. Kuna mama mmoja wa Kinondo, mkaanga samaki, alikuwa ameacha simu yake ikingojea chipu kutoka kwa kaka. Kila akipita aliuliza, "Mwanangu, meli haijafika?" Nami nilimwambia iko njiani.

Kaka alipiga asubuhi moja ya Ijumaa. Sikujua namba. Nikasikia anakohoa, na kabla hajasema kitu nilijua ni yeye.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Baharini. Wametuachia jana. Kontena wamelishusha, na askari watajuana na wenye mzigo. Hamjambo?"

"Hatujambo. Ila nini? Ulisema ila."

"Ila meli imezuiwa, msimwambie mama. Askari akaichukua simu hapo hapo. Wamechukua za watu wote."

"Na pakiti yangu?"

 Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, ananivuta kanga: "Muulize kama anakula."

"Waliikuta," kaka akasema. "Waliniweka chumbani peke yangu, wakaniuliza maswali yale yale mpaka ulimi ukakauka. Nikawaambia hizi ni za dada yangu, fundi wa simu, Ukunda. Afisa akauliza Ukunda ni wapi. Nikamwambia ni karibu na kwetu." Akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa chembamba. "Wamezichukua. Kofia wamenirudishia. Ila jina langu wameliandika, na sijui kampuni ikiona itanipa mkataba tena. Wewe usijali. Safari nyingine nitakununulia nyingine."

"Usininunulie," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mama anauliza kama unakula."

Nikampa mama simu, nikatoka uani.

Hakuwahi kuniita fundi kabla ya hapo. Alikuwa ananiita mwanafunzi, kwa utani. Na mara ya kwanza kuniita fundi alikuwa mbele ya watu wanaotaka kumfunga.

Kesho yake nilifika dukani kabla ya bosi. Nyuma ya kaunta tuna boksi la simu zilizokufa kabisa, ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Nikachagua moja ya aina ile ile ya mama wa Kinondo, kioo kimepasuka, maji ya chumvi yameshaila pembe, lakini upande wa chaji hayajaugusa. Nikaifungua bodi. Nikazima feni ili upepo usiniharibie, nikawasha bloa ya hewa moto, nikaipasha chipu ya chaji kwa mbali, kisha kwa karibu, mpaka solda inayoishikilia ikayeyuka na kuanza kung'aa. Nikaishika kwa kibano, nikainyanyua, nikaiweka juu ya karatasi nyeupe, kando ya simu ya mama wa Kinondo.