Mdomo wa Chuma Niliouchagua Mara Mbili

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, hata gauni nililovaa nalikumbuka, la kitenge cha bluu nililolishona mwenyewe kwa ajili ya jukwaa. Ilikuwa Jumapili, kwenye dansi la mchana tuliloliita bugi, katika ukumbi mmoja wa Morogoro mjini. Nilisimama mbele na saksafoni yangu, nimeivisha mdomo mpya wa chuma unaong'aa kama pete ya harusi. Nikavuta pumzi, nikapuliza. Kilichotoka kilikuwa mlio wa nguruwe anayekamatwa. Watu wakacheka. Nikapuliza tena, ukatoka uleule. Mama mmoja wa meza ya mbele akaziba masikio kwa vidole, nami nikamwona.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulinionyesha kwenye simu yako picha ya mdomo wa chuma unaotaka kuagiza, ukaniuliza, "Bibi, huu si mzuri?" Ningekujibu nini, na picha haina sauti? Basi kaa nikueleze yaliyonipata, maana nilikuwa na umri wako huohuo na haraka yako hiyohiyo.

Wasiopiga ala hii hudhani sauti inatoka kwenye lile bomba kubwa la shaba. Wewe unajua sasa kwamba inaanzia juu, kwenye kile kipande tunachoweka kinywani, kinachofungiwa tete jembamba la kutikisika. Mdomo niliokuwa nao miaka yote ulikuwa wa mpira mgumu mweusi, niliukuta kwenye saksafoni ya kiwanda nilichofanyia kazi. Sauti yake ilikuwa laini, ya kiungwana, na kwa muda mrefu ilitosha.

Kisha nchi ikafungua milango ya biashara. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukaanza kuona maduka yamejaa redio, viatu na mitumba ya kila rangi. Vikaja pia vinanda vya umeme na spika kubwa kama kabati. Bendi yetu ilikuwa ya kiwanda. Mimi mchana nilikuwa fundi cherehani humo, na mwisho wa wiki nilipanda jukwaani na wenzangu. Kiwanda kilipouzwa tukaachiwa ala na jina la bendi, tukaambiwa tujitegemee. Kiongozi wetu, Dastan, mpiga gitaa la solo, akanunua kinanda na kumweka kijana mmoja hodari, Sele, akipige.

Siku moja baada ya mazoezi Dastan akaniita pembeni.

"Dada Vero, sina ugomvi na wewe," akasema. "Ila magitaa ya siku hizi yana nguvu, na sauti yako haivuki safu ya kwanza ya wachezaji. Kinanda kina kitufe cha saksafoni. Kikibonyezwa kinasikika hadi barabarani."

"Sasa mimi nitafanya nini?"

"Tuna kazi Turiani, sherehe ya wafanyakazi wa miwa msimu ukiisha. Mpaka hapo tuko pamoja. Baada ya hapo, kusema kweli, sijui."

Nilibeba saksafoni yangu nikarudi nyumbani. Elewa, mwanangu, mimi nilizaliwa Kinole, kule milimani, mtoto wa mkulima wa ndizi na mdalasini. Nilijifunza kupuliza tarumbeta parokiani, na majirani walimwambia baba kwamba binti anayepuliza vyuma ataharibika midomo, hataolewa. Baba akawaambia mwacheni. Nilikuwa mwanamke pekee niliyemjua mjini aliyesimama jukwaani na saksafoni. Kunyang'anywa nafasi ile na kitufe, hapana, sikuweza kukubali.

Nilikuwa nimesikia kwamba mdomo wa chuma unatoa sauti kali inayokata kelele za magitaa. Nikauza cherehani yangu ya nyumbani, nikapanda basi kwenda Dar es Salaam, nikaingia duka moja la ala za muziki Kariakoo. Mwenye duka akafungua sanduku dogo lenye kitambaa chekundu laini ndani. Mdomo ulikuwa umelala humo kama kito, umepakwa rangi ya dhahabu. Kwenye kopo la maziwa, pembeni, kulikuwa na mingine mitatu minne ya mtumba, imechubuka, ina alama za meno ya watu. Sikuitazama mara mbili.

"Unataka kuujaribu?" akaniuliza.

Saksafoni nilikuwa nayo mkononi. Lakini duka lilikuwa limejaa watu, wanaume watupu, nikaona haya. Nikasema, "Hapana, unatosha." Nikalipa, nikaondoka na sanduku langu nikilifungua na kulifunga njia nzima. Jumamosi nilipoujaribu nyumbani ulipiga kelele, nikajiambia ni ugeni tu, utazoea. Ndipo ikaja ile bugi niliyokueleza. Nilipopuliza mara ya tatu Dastan hakunitazama. Alimwinamishia Sele kichwa tu, na Sele akabonyeza kitufe.

Kesho yake nikapanda Bigwa, chini ya mlima, kwa Mzee Kibwana. Huyu alikuwa mpiga tarumbeta wa zamani wa bendi yetu, ndiye aliyenitoa kwenye tarumbeta akanifundisha saksafoni. Alikuwa amestaafu, anatengeneza redio barazani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za jana nimezipata. Umekuja kulia au umekuja kujifunza?"

Nikasema nimekuja kujifunza, ingawa machozi yalikuwa tayari yananitoka. Akaupokea mdomo wangu, akaugeuzageuza. Akachukua kipande cha kioo cha dirisha, akaulaza juu yake ule upande bapa wa kufungia tete. Kisha akachana karatasi nyembamba ya kusokotea sigara na kuisukuma taratibu kwenye ule upenyo unaobaki kati ya kioo na ncha ya mdomo. Upande wa kulia karatasi ikaingia kidogo ikagota. Upande wa kushoto ikaingia mbali zaidi.

"Umeona? Kingo zake hazilingani," akasema. "Tete litakaaje hapo bila kupiga kelele? Halafu tazama ncha yake ilivyoachama. Hata kingo zingelingana, wewe unatoka kwenye mdomo wenye upenyo mwembamba, ungehitaji mapafu ya ng'ombe." Akanirudishia. "Veronika, uliupuliza dukani?"

"Hapana, mzee."

"Kwa nini?"

"Niliona haya. Watu walikuwa wengi."

Kukaripia kwake hakukuwa kwa sauti kubwa. "Umeona haya mbele ya watu kumi usiowajua, ukaenda kuaibika mbele ya mia wanaokujua. Ulinunua sanduku, mwanangu. Mdomo uliwekewa humo kama nyongeza."

Maneno yale yaliniuma, lakini yalinitosha. Alhamisi nilirudi Kariakoo, na kile kipande cha kioo nimekifunga kwenye khanga. Mwenye duka akaniambia hapokei kitu kilichokwisha tumika. Nikamwambia sidai pesa, nataka tubadilishane na mmojawapo wa ile ya kwenye kopo, aniongezee tete na kibanio cha kulishikilia, na kabla ya kuchagua nitaijaribu yote. Akaona hapotezi kitu, akamwaga kopo kwenye kaunta.

Nikalaza kioo, nikachukua karatasi, nikapima mmoja baada ya mwingine. Watu wakaanza kujisogeza. Mmoja ulikuwa na ufa, nikauweka kando. Wa pili ulikuwa wa bei ya chini kabisa, kingo zake zimelingana vizuri, nikafurahi mapema. Nilipoupuliza ukatoa sauti ya bati linalokwaruzwa, nao nikauweka kando. Wa tatu ulikuwa mbaya kuutazama, rangi imebanduka, juu una mashimo mawili ya meno. Nikaufungia tete, nikapuliza noti moja ndefu. Kwa kweli sijui nikwambieje. Sauti ilitoka nzima. Nikashuka nayo chini, ikabaki nzima. Nikapanda juu, ikanifuata bila kulazimishwa. Nikapuliza polepole kabisa, haikukatika. Nilisahau kwamba niko dukani. Nilipoacha, mlango ulikuwa umejaa watu kutoka mtaani, na mchukuzi mmoja mwenye gunia begani akasema, "Dada, endelea basi."

Usidhani kazi iliishia hapo. Chuma ni chembamba kinywani kuliko mpira, na baridi, na meno yanateleza. Wiki ya kwanza nilikuwa sina ladha kabisa, ukelele hapa, hewa tupu pale. Mzee Kibwana akakata kiraka kidogo cha mpira wa baiskeli, akakigundisha pale meno yanapokaa, meno yakatulia. Kila asubuhi nilikwenda Bigwa, nikasimama nyuma ya nyumba yake nikiutazama mlima, nikapuliza noti moja hadi pumzi iishe, kisha nyingine. Kina mama waliokuwa wakiteremka na mboga na ndizi kupeleka sokoni walikuwa wakinipita kimya. Wiki ya tatu mmoja wao akatua tenga lake, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Leo umelainika." Nilifurahi kuliko kupewa zawadi.

Turiani tulifika mchana, uwanja umejaa. Wakata miwa, wake zao, watu wa mitambo, wakulima wa mpunga wa jirani, wote wamevaa vizuri. Dastan hakunificha. Akasema wimbo wa kwanza sehemu ya saksafoni atapiga Sele kwa kinanda, wa pili nitapiga mimi, tuone. Sele alipiga vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Watu walicheza huku wakizungumza, kama watu wanavyocheza muziki wa redio.

Wimbo wa pili ukaanza. Zamu yangu ilipofika nikasogea mbele. Kinywa kilijua kazi yake. Ile noti ya kwanza niliitoa ndefu, ikapita juu ya magitaa, ikapita juu ya ngoma, nikaisikia mwenyewe ikirudi kutoka kwenye ukuta wa ghala upande wa pili wa uwanja. Vichwa vikageuka. Waliokuwa wanakula wakasimama na sahani mkononi. Nikawachukua taratibu, nikashuka chini pale penye majonzi, kisha nikapanda tena, na nilipopanda uwanja mzima ukapiga yowe na kuanza kucheza. Sio kucheza kwa adabu, mwanangu. Vumbi lilipanda hadi sikuwaona walio nyuma. Fundi wa spika zetu akaja na kipaza sauti ili aniwekee karibu. Dastan akamzuia kwa mkono, akamwambia, "Mwache. Hakihitaji."

Tuliurudia wimbo ule mara tatu kwa sababu watu walikataa tuendelee na mwingine. Mara ya tatu Sele aliacha sauti ya saksafoni, akatafuta sauti ya filimbi na kunijibu kwa chini, na mimi nikamjibu, tukawa tunazungumza. Tulipomaliza Dastan akasema kwenye kipaza sauti, mbele ya umati wote, "Huyu ni dada yetu Vero. Nilitaka kumwondoa. Nilikosea." Nililia jukwaani, na watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Nilikaa mbele ya bendi ile miaka mingi baadaye, mimi upande mmoja, Sele na kinanda chake upande wa pili.

Sasa ushauri wangu ni huu. Usiagize mdomo usioupuliza. Tafuta muuzaji atakayekuruhusu kuujaribu, nenda na saksafoni yako, tete zako na kibanio, na kama chumba kimejaa watu, puliza hivyohivyo. Pima kingo zake. Usiruke kutoka ncha nyembamba hadi iliyoachama kwa siku moja. Usidharau cha mtumba, wala usikichukue kwa sababu tu ni rahisi, maana mimi nilikuta kilichokuwa rahisi kuliko vyote hakina sauti. Puliza noti ndefu, chini na juu, kwa nguvu na kwa upole, kisha mwite mtu unayemwamini asikilize. Ukishaupata, upe wiki zake kabla hujaupandisha jukwaani. Na mtu mzima akikukaripia kwa jambo analolijua, vumilia uchungu wake, siku ile ile uanze kurekebisha.

Mungu akujalie mapafu yenye afya na subira ya mazoezi. Akupe wenzako watakaokuwa tayari kukiri wakikosea, na wewe uwe hivyo kwao. Popote utakaposimama kupuliza, watu wainuke kwenye viti vyao wakiwa na furaha. Amina, mwanangu.