Babu Yako Aliitwa Nani?

Mimi binti yule sikumwamini, na sioni haya kusema. Arielle, mtoto wa jirani yangu Laurentine hapa Husby, aliingia Uswidi akiwa mgongoni mwa mama yake. Alipofika miaka kumi na tisa, akajitia kutufundisha historia ya watu weusi. Alijirekodi kwa simu katika chumba cha kufulia cha jengo letu, mashine zikinguruma, dakika mbili tu, kisha video ikaenda mtandaoni. Leo kisiwa cha Karibiani ambako Waswidi waliuza watu, kesho maofisa wa Kiswidi waliomtumikia mfalme wa Ubelgiji kule kwetu Kongo. Ni kweli tupu, sikatai. Lakini nilijiuliza nani anamtuma, na hao wanaotazama wanatafuta nini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 2012 aliona vitabu havimtoshi, akataka wazee. Jumapili moja baada ya ibada, tukinywa kahawa katika ukumbi wa kanisa letu la Wakongo, aliegemeza simu kwenye chupa ya kahawa mbele ya Papa Protais, mmoja wa wazee wetu. Kwa adabu zote akamwuliza babu yake aliitwa nani, walitoka kilima gani, na bibi yake alisema lugha gani nyumbani. Papa Protais alivaa koti lake akatoka. Kikombe chake kilibaki kimejaa.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekaa meza moja na Laurentine. Sombe yake ya majani ya muhogo ilirudi nyumbani na sufuria yake. Tulisema mama ndiye anayewakusanyia adui majina, binti katumwa tu. Laurentine hana ndugu mjini humu ila kanisa lile, kwa hiyo alimwamuru Arielle afute video zote. Nami nilikuwa nimemtazama mama huyo vizuri: maswali yale yalimtisha kuliko sisi sote.

Arielle alinifuata nikifua nguo, macho mekundu, akataka kujua kosa lake. Nilikasirika kwanza, halafu nikamwonea huruma.

"Kwa barière njo walikuwa wanauliza vile," nilimwambia, yaani vizuizi vya wenye silaha barabarani wakati wa vita. "Babu, kilima, luga. Ukijibu mubaya, haupite."

Huyu mwalimu wetu wa historia hakulijua hilo. Angeambiwa na nani? Katika nyumba zetu vita havitajwi mbele ya watoto.

Jumapili iliyofuata alimwendea Papa Protais, akampa simu kwa mikono miwili, akamwonyesha pa kubonyeza. Akaomba aulizwe yeye. Mzee alimwelekezea simu akauliza. Babu, Arielle alimtaja. Kilima, akakitaja. Ilipofika lugha ya bibi akamgeukia mama yake, maana hakuwahi kuambiwa.

Laurentine alisimama.

"Mama yangu alikuwa wa kwao," alisema. "Bale benye walikuwa wanauliza kwa barière. Sasa mumejua."

Nilishika mkoba wangu niondoke. Papa Protais alimpoteza mkewe kwenye kizuizi kama hicho, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Mzee akamrudishia Arielle simu. Binti alitafuta video, akatafuta tena. Hakukuwa na kitu. Na mzee yule hupiga simu Uvira, kule Kongo, kila jioni kwa simu ya aina ile ile. Hakuna kitufe asichokijua.

"Sikufinya kitufe," alisema mzee. "Kaa, Mama Arielle. Kahawa inapoa."