Herufi Tano za Bi Uzi

Kwa miaka arobaini na mmoja Bi Uzi hakuwahi kutaja kiuno cha mtu mbele ya mtu mwingine. Ndiyo sifa iliyompandisha, na aliijua, akatembea nayo kichwa juu. Wanawake walibeba vitambaa vyao wakawapita mafundi watano njiani, wakaja kwake. Mishono yake ilikuwa mizuri, yeye angekuambia hakuna mfano wake, lakini walichofuata ni lile pazia la nyuma. Ukivua nguo mbele ya Bi Uzi akakupima, aliyoyaona yanabaki pale pale.

Vipimo vyake havikuandikwa popote. Kila mteja alikuwa na uzi wake, umetundikwa kwenye msumari wake ukutani, na kwenye uzi kulikuwa na mafundo: la kwanza bega, la pili kifua, la tatu kiuno, mpaka urefu wa pindo. Mtu mgeni akiutazama ukuta ule angeona nyuzi chafu tu zinazongoja kufagiliwa. Watu walisema ni mbwembwe za fundi mkongwe. Ukweli, ambao hata binti yake wa kumzaa hakuujua, ni kwamba Bi Uzi alijua tarakimu, na alijua kuandika jina lake, basi. Akiletewa barua alisema, "Miwani sijui nimeitupa wapi, hebu nisomee." Miwani iko kichwani. Watu wakacheka, wakamsomea, wakasema uzee huo.

Uzi wa Mwalimu ulikuwa msumari wa tatu kutoka dirishani. Mwalimu alifundisha hesabu shule ya mtaa wa pili, mwanamke mrefu, asiyecheka ovyo. Miaka sita nyuma aliugua, akakatwa titi la kushoto. Ukiondoa daktari na mumewe, mtu wa kwanza kumwona vile alikuwa Bi Uzi. Bi Uzi hakumpa pole wala hakugeuza macho. Alimpima, akafunga kijiuzi chekundu kwenye fundo la kifua. Nguo ilipokuwa tayari, ndani ya bitana upande wa kushoto kulikuwa na pamba iliyoshindiliwa ikashonewa kwa namna ambayo hata ukimkumbatia hujui. Mwalimu alijitazama kwenye kioo kwa muda.

"Nani anajua?" akauliza.

"Mimi na uzi."

Tangu siku hiyo hakushona kwingine.

Mambo yalianza vidole vya Bi Uzi vilipoanza kufa ganzi. Asubuhi nyingine alishika uzi akahesabu mafundo mara tatu, akapata hesabu tatu. Binti yake, ambaye watu walimwita Mama Pacha, aliliona hilo.

"Mama, siku mkono ukikataa kabisa, mimi nyuzi hizi nitazisomaje? Nitazichemsha ninywe?"

"Mdomo wako huo."

"Nauliza tu."

Mume wa Mama Pacha alikuwa fundi wa simu na kompyuta, mkwe mwenye adabu mpaka inachosha. Mlango ukiwa wazi, bado alibisha. Akaleta kompyuta aliyoifufua mwenyewe, akaiwekea programu ya mafundi cherehani. Vipimo vyote vinakaa humo, na mteja akiwa kwake anafungua ukurasa wa duka kwenye simu, anaona nguo yake kama iko tayari, haji kumsumbua mtu. Chini kabisa ya ukurasa ule kuna pa kuingilia mwenye duka peke yake. Hapo ndipo panapotakiwa neno la siri.

Wiki nzima Bi Uzi alisoma mafundo kwa vidole, binti akaandika. Walipofika msumari wa tatu, kidole cha Bi Uzi kikagusa kile chekundu.

"Kifua. Pamba kushoto, unene vidole vitatu."

Binti akasimamisha mikono. "Na hili niandike?"

Bi Uzi angeweza kusema hapana. Alilikumbuka baadaye, siku nyingi, kwamba aliulizwa. Lakini kazi yake hakutaka ihamishwe nusu nusu kama mizigo ya mtu aliyefukuzwa nyumba. "Andika," akasema. "Na ukishaandika, sahau."

Siku ya mwisho mkwe alisimama karibu na mlango, mikono nyuma.

"Mama, programu hii imekuja na neno lake la kiwandani. Ni admin, unaandika juu, unaandika chini, neno lile lile. Kila anayepewa programu hii anapewa hilo hilo, limechapishwa hata kwenye kijitabu chake. Kwa hiyo leo ulibadilishe. Weka neno lako mwenyewe, hata mimi nisilijue."

"Nimesikia, mwanangu."

"Nikuonyeshe pa kubonyeza?"

"Nimevalisha maharusi kabla mama yako hajaolewa. Kubonyeza ndiko kutanishinda?"

Mkwe akacheka kwa heshima, akatoka nje na mkewe ili wasione neno.

Bi Uzi akabaki na kompyuta, wakatazamana. Zile herufi tano alikuwa amezishika kwa macho, kwa kumwangalia binti yake wiki nzima, kama anavyojua vifungo vyake viko wapi kwenye kopo. Ya kwanza ukingoni kushoto. Ya pili hatua mbili mbele yake. Ya tatu chini, upande wa kulia. Ya nne juu. Ya tano chini tena, jirani na ile ya tatu. Hizo alizimudu. Neno jipya lingetaka herufi nyingine, na huko hakukuwa na njia. Jina lake lilimjia akilini, lakini alilijua kwa kalamu. Kwenye vile vibonyezo herufi zilisimama kwa sura nyingine, kubwa kubwa, kama watu unaowafahamu wamevaa sare. Angeweza kumwita binti. Binti angemwambia mumewe. Na mkwe ajue kwamba mama mkwe hajui kusoma? Hilo Bi Uzi aliliona haliwezekani.

Akakaa robo saa. Kisha akaita, "Tayari."

"Umebadilisha, mama?"

"Nimebadilisha."

Tangu hapo, kila alipotaka kuingia alifunika vibonyezo kwa kipande cha kitambaa, akapitisha mkono chini yake. "Geuka huko," alimwambia binti aliyekuja Jumamosi kuandika vipimo vipya.

"Mama, mimi si mtoto wako?"

"Na siri si siri? Geuka."

Akafanya hivyo miezi minane, mpaka akafika mahali pa kuamini kwamba neno likifichwa chini ya kitambaa limefichika.

Aliyeingia hakuwa jambazi. Alikuwa Kipini, mwanamke aliyejifunza kazi kwa Bi Uzi, kisha akafungua duka lake upande wa pili wa soko. Yeye naye alikuwa na programu ile ile, na kijitabu kile kile. Alasiri moja, wateja hakuna, alifungua ukurasa wa Bi Uzi kuona aliyemfundisha ana kazi ngapi. Akaona pa kuingilia. Akajaribu neno la kijitabu kwa mzaha tu, na mlango ukafunguka. Akasoma viuno vya mtaa mzima. Alipofika kwa Mwalimu akawaita wateja wawili waliokuwa wanapita, akawasomea.

Kufikia Ijumaa habari ilikuwa imeingia shuleni. Mwalimu aliingia darasani akakuta ubaoni mtu amechora mwanamke mwenye duara moja kifuani. Akafuta, akafundisha hesabu za sehemu hadi kengele, akaja moja kwa moja dukani, chaki ikiwa bado vidoleni.

"Bi Uzi. Uliniambia ni wewe na uzi."

Wateja wawili waliokuwa wakingoja wakainua vichwa.

"Sijamwambia mtu, Mwalimu. Ulimi wangu haujataja."

"Basi nani?"

 Macho ya Bi Uzi yakaenda kwenye kompyuta pale mezani, yakakaa hapo. Wale wawili nao wakaitazama kompyuta, wakatazamana, na kwenye akili zao wakamwona aliyeileta. Bi Uzi aliona wanavyomwona. Angesema neno moja tu lingetosha. Akainama akaokota pini iliyokuwa haijaanguka.

Wiki iliyofuata watu walianza kuchukua simu zao kwenye kibanda cha mkwe kabla hazijatengenezwa. Mtu mmoja alimwambia mbele ya wenzake, "Humo mna picha za mke wangu, nazo utaziuza?" Mama Pacha alikuja kwa mama yake macho mekundu, akapiga pasi nguo ambayo haikuhitaji pasi, akaondoka.

Kisha mkwe mwenyewe akaja. Akabisha mlango uliokuwa wazi. Hakukaa kwenye kiti, alichuchumaa.

"Mama, nimeangalia kumbukumbu za programu. Aliyeingia hakuvunja kitu, ameingia kwa neno lenyewe. Sasa neno ulibadilisha, kwa hiyo kosa ni langu, kuna mahali sikufunga vizuri, napatafuta sipaoni. Nimekuja kukuomba radhi. Nimekuharibia jina la miaka yote."

Bi Uzi alimtazama utosi.  Na mdomo wake, ule mdomo uliokuwa haujawahi kuvujisha kitu, ukasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Nenda nyumbani kwako."

Akamsamehe. Mkwe akashukuru, akaondoka amejikunyata kama aliyenyeshewa.

Alasiri ile Bi Uzi alikata mikono ya gauni, na alipoiweka mezani ili aiunganishe akakuta amekata miwili, yote ya kushoto. Jambo hilo halikuwahi kumtokea, hata alipokuwa mwanafunzi. Akaiweka chini. Aibu aliyokuwa akiikimbia ya kutojua kusoma ilikuwa ndogo, sasa aliiona, ingejaa kwenye kikombe. Hii mpya haikuwa na chombo.

Asubuhi akaenda kwa miguu mpaka kwenye kibanda cha mkwe. Walikuwepo watu watatu, wamekuja kudai simu zao.

"Baba Pacha, zima redio."

"Shikamoo mama. Karibu, pita huku ndani tu—"

"Umesemwa hapa nje, nami nitasema hapa nje. Lile neno sikulibadilisha. Ni lile lile la kwenye kijitabu. Nilikudanganya."

Mkwe alishika simu iliyofunguliwa tumbo, akaigeuzageuza.

"Sijui kuandika," Bi Uzi akasema. "Zaidi ya jina langu na namba, sijui. Miwani siku zote iko kichwani."

Mmoja wa wale watatu akaanza kucheka, mwenzake akampiga kiwiko.

"Mbona hukuniambia, mama?" Mkwe aliuliza polepole, huku akitazama simu.

"Wewe? Ningekuambia wewe?"

Mkwe akaiweka simu mezani. Kisha akasema, "Na mimi ningehakikisha. Nilitakiwa nisiondoke mpaka nijaribu lile neno la kiwandani nione limekataa. Niliona vibaya kukuuliza mara mbili, mama, ungedhani nakudharau."

"Ningedhani hivyo," Bi Uzi akasema. "Na ningekufukuza." Kisha akawageukia wale watatu. "Mmesikia. Sasa muache mtu afanye kazi."

Kwa Kipini, ambaye habari ilifuatiliwa mpaka mlangoni kwake, hakwenda kugombana, ingawa binti yake alishajifunga kiunoni tayari kwa safari hiyo. Kwenda kwa Mwalimu ndiko kulikokuwa kuzito. Alimkuta sebuleni na rundo la madaftari, naye Mwalimu akaendelea kusahihisha huku akisikiliza. Bi Uzi alisema yote, hakupunguza, hata lile la kuulizwa "na hili niandike?"

Mwalimu aliweka kalamu.

"Jioni nafundisha watu wazima kusoma. Miaka kumi na mbili sasa. Wamepita kwangu wenye maduka, wamepita wazee wa heshima zao, na hujasikia jina la hata mmoja. Umesikia?"

"Sijasikia."

"Mimi nilivua nguo mbele yako, Bi Uzi. Wewe umeshindwa kuvua miwani mbele yangu."

Bi Uzi akatazama sakafu. Palikuwa na kipande cha chaki karibu na mguu wa meza, na alikitazama mpaka akakijua.

"Nataka uzi wangu," Mwalimu akasema.

Bi Uzi alikuwa amekuja nao. Ulikuwa umeviringwa kwenye kiganja tangu nyumbani. Mwalimu akaupitisha vidoleni, fundo kwa fundo, akasimama kidogo penye chekundu, akautia mkobani na kufunga zipu. Hakumpeleka mlangoni.

Neno lilibadilishwa siku hiyo hiyo. Habari za Mwalimu zilifutwa, na yale ya ndani ya miili ya watu yakaondolewa yote yakabaki kwenye nyuzi. Mama Pacha alimfundisha mama yake herufi moja baada ya nyingine mpaka zikatosha neno refu la watu wawili hao tu, na mkwe akajaribu lile la kiwandani mara tatu, likakataa mara tatu. Bi Uzi aliomba ajaribu mara ya nne.

Msumari wa tatu kutoka dirishani uko mtupu. Wateja wapya hutaka kutundika mikoba yao hapo.

"Hapo hapana," Bi Uzi huwaambia.

"Pana mtu?"

"Pana mtu."