Mpishi Aliyeota Moto

Jina la Sindano alipewa na wapishi wa zamani, siku ya kwanza alipoingia katika jiko la shule ya bweni ya wasichana. Alikuwa binti mrefu, shingo kama mpini wa upawa, na aproni waliyomvisha ilimzunguka karibu mara mbili. "Huyu akisimama ubavu hata kivuli hana," alisema mmoja wao. "Sindano huyu!" Wakacheka, na jina likamganda kama ukoko kwenye sufuria.

Wembamba ule ulimfaa. Mwalimu mkuu wa shule, mama mwenye miwani na hatua za haraka, alikuwa na imani yake kuhusu wapishi. Zamani aliwahi kuajiri mpishi mnene, na nyama ya wanafunzi ikawa inaishia kwenye kapu la yule mpishi. Tangu hapo akajiwekea kanuni: mpishi mwembamba haibi. Aliisema hata mbele ya wageni, akimnyooshea Sindano kidole. "Mtazameni mpishi wangu. Anashinda ndani ya chakula mwaka mzima na mwili wake ni uleule." Ndivyo Sindano alivyopanda hadi kuwa mpishi mkuu, akakabidhiwa ufunguo wa jiko, na baadaye ufunguo wa stoo ya chakula, ambao mwingine kama huo alikuwa nao mtunza stoo peke yake. Wengine huaminiwa kwa vyeti vyao. Yeye aliaminiwa kwa mifupa ya mabega yake.

Kazi yenyewe aliijua hasa. Alijua kwa kusikia tu kama maharage yanachemka vizuri au yanaanza kushika chini. Mdogo wake alipomaliza shule na kukosa cha kufanya, alimwombea kazi palepale jikoni, akamfundisha kila kitu, kuanzia kuosha mchele hadi kuonja.

"Mpishi haonji kwa kijiko," alimwambia. "Unadondosha tone moja kiganjani, unalamba, basi."

"Kwani kijiko kina nini, dada?"

"Kina tamaa. Ukianza na kijiko utamaliza na sahani."

Mdogo wake alicheka, akakinga kiganja, akaruka kwa moto wa mchuzi. Toka siku hiyo hakuna aliyemwona mmoja wao akionja kwa namna nyingine.

Miaka ikaenda. Kisha mwili wa Sindano ukaanza kubadilika.

Aproni ndiyo iliyomwambia kwanza. Kamba alizokuwa akizizungusha na kuzifunga mbele sasa zilifika nyuma tu, na baadaye hata huko nyuma zikawa zinatafutana. Pete ya ndoa ikakataa kutoka. Viatu vikambana. Sindano hakuwa mlaji, lakini alidhani labda anajisahau, kwa hiyo akaanza kujichunga. Sukari akaiacha, mafuta akayaacha. Asubuhi kipande cha papai, mchana kabichi la kuchemsha na maharage kidogo, jioni hivyohivyo. Kazini akawa anaenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mwili haukusikia. Ulizidi kujaa, na uso ukavimba chini ya macho kama mtu aliyetoka kulia.

Mume wake, fundi baiskeli, mtu wa utani, alimtazama jioni moja akila kabichi lake.

"Mke wangu, unakula kama ndege na unajaa kama tairi. Nani anakupiga pampu?"

Alicheka. Aliporudia utani huo wiki nyingine, hakucheka, akaweka sahani chini. Mume akaona, na hakuurudia tena.

Yalikuwapo na mambo mengine, lakini kila moja alilitafutia sababu yake. Sauti ilikwaruza na kuwa nzito. Alisema ni moshi. Ngozi ilikauka ikapasuka. Alisema ni sabuni ya masufuria. Nywele zilibaki kwenye kitana. Alisema ni umri. Akawa msahaulifu na mzito wa kujibu, mtu akimsalimu anajibu wakati mwenzake ameshapita. Hilo alisema ni uchovu wa kubeba mwili. Hakufikiria hata siku moja kwamba yote hayo yalikuwa jambo moja.

Kubwa zaidi ilikuwa baridi. Baridi ilimkaa mifupani hata mchana wa jua kali. Wenzake wakipangusa jasho kwa pindo la aproni, yeye alivaa sweta. Na kwa kuwa nyumbani hakukuwa na moto wa kutosha asubuhi, akaanza kufika shuleni kabla ya wote, anafungua jiko, anawasha kuni, anavuta kigoda karibu na mlango wa jiko kubwa na kukaa pale, mikono mbele ya makaa, mpaka mwili ukubali kuamka. Kigoda kilikuwa kati ya jiko na mlango wa stoo. Hapakuwa na nafasi nyingine.

Mdogo wake alimkuta hapo kila asubuhi.

"Dada, mpishi anaota moto! Basi hata samaki ataomba maji ya kunywa."

"Acha maneno, menya vitunguu," Sindano alijibu, na sauti ile nzito ikafanya jibu lisikike kama la mtu mwenye hasira.

Wanafunzi nao walikuwa na lao. Hawakujua jina lilikotoka. "Mbona sindano yenyewe ni gunia?" walinong'ona kwenye foleni ya chakula, na sahani zao wakazinyoosha.

Mwaka huo huo chakula kikaanza kupungua stoo. Mchele, maharage, mafuta, si kwa wingi wa kushtua, lakini kila mtunza stoo alipopima alikuta pengo. Kufuli la stoo lilikuwa kuukuu. Wapishi wote walijua kwamba ukilitikisa vizuri linafunguka bila ufunguo. Waliwahi hata kulifungua kwa mpini wa kijiko siku ambayo ufunguo ulisahaulika nyumbani. Lakini mwalimu mkuu alipokuja jikoni kutazama, hakutazama kufuli. Alimtazama Sindano, kuanzia usoni hadi kwenye kamba za aproni, akaondoka.

Siku iliyofuata akamwita ofisini. Mtunza stoo alikuwa amekaa pembeni, ameinamisha kichwa.

"Mama, umekuwa na sisi muda mrefu," mwalimu mkuu alianza. "Niambie mwenyewe. Unafika hapa mapema kuliko wote kufanya nini?"

Sindano alisikia swali vizuri. Jibu lilikuwapo, lakini lilipanda polepole kama ndoo inayovutwa kutoka kisima kirefu, na lilipofika mdomoni, mwalimu mkuu alikuwa tayari ameshusha pumzi.

"Naota moto," alisema.

"Unaota moto."

"Ndiyo, mwalimu. Nasikia baridi."

Mtunza stoo aliangalia dirishani. Nje jua lilikuwa linapasua mawe, na kwenye paji la uso la mwalimu mkuu jasho lilikuwa linang'aa.

"Na chakula chako nyumbani ni nini?"

"Kabichi. Papai. Maharage kidogo."

"Mama," mwalimu mkuu alisema taratibu, na kulikuwa na huzuni ya kweli katika sauti yake, "mimi pia nakula kabichi."

Wakamwita mdogo wake. Sindano alimwona anaingia, anakunja na kukunjua pindo la aproni, akapumua. Huyu alikuwa damu yake. Huyu ndiye atakayesema.

"Umewahi kumkuta dada yako jikoni peke yake?"

"Ndiyo, mwalimu. Kila asubuhi."

"Wapi hasa?"

"Kwenye kigoda. Karibu na mlango wa stoo."

"Anakula?"

"Sijamwona akila." Mdogo wake alisita. Alitazama mwili wa dada yake, akautazama tena. "Sijui, mwalimu. Mimi nasema nilichokiona tu."

Polisi hawakuitwa. Mwalimu mkuu alisema anaheshimu utumishi wake. Sindano alivua aproni, akaikunja, akaweka funguo mbili juu yake. Mumewe alipopata habari aliiacha baiskeli ya mtu imening'inia, akaenda shuleni hadi getini. "Mimi nakula naye chungu kimoja!" alisema. "Nani anajua anachokula kuliko mimi?" Mlinzi alimsikiliza kwa adabu, akamwambia mume na mke ni kitu kimoja, ushahidi wao pia ni mmoja.

Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu aliagiza kufuli jipya, zito, la shaba. Stoo haikupungua tena. Na hakuna aliyekuwa na sababu ya kujiuliza kama ni kwa ajili ya kufuli au kwa ajili ya mtu aliyeondoka.

Mdogo wake alikuja nyumbani mara moja baada ya hapo. Sindano alimuuliza kwa nini hakusema kwamba alikuwa akimkuta anaota moto.

"Dada, nani angeamini? Mpishi anaota moto?"

"Mimi sikuulizi wao. Nakuuliza wewe. Wewe uliamini?"

Mdogo wake alitazama miguu yake. Kwa miezi mingi hawakutembeleana tena.

Miezi ile ya kukaa nyumbani ilikuwa mibaya. Sindano alipitiwa na usingizi mchana, kisu cha kumenyea vitunguu kikiwa bado mkononi. Mumewe ndiye aliyemlazimisha kwenda hospitali. "Baiskeli ikipoteza upepo, hatuilaumu," alisema. "Tunaitia majini tuone inatokea wapi."

Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye kikohozi. Hakuanza kwa kumpima uzito. Alimshika shingo kwa vidole viwili, akamwambia ameze mate, akamtazama nyusi ambazo zilikuwa zimepukutika pembeni. Kisha akauliza, kama anauliza saa:

"Mama, unasikia baridi wakati wenzako wanasikia joto?"

Sindano alifungua mdomo ajibu, akaanza kulia. Alilia kwa sauti yake ile ya kukwaruza mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Daktari alidhani amemuumiza shingo, akaomba radhi.

Alipimwa damu, na majibu yalipotoka daktari alimweleza bila haraka. Shingoni kuna tezi ndogo inayouamrisha mwili uchome chakula na kuutia joto. Yake ilikuwa imechoka. Ndiyo maana mwili unajaa hata kwa kabichi, sauti inazama, mawazo yanachelewa, na baridi haiishi. "Kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula," alisema, "na utameza maisha yako yote." Alivyolisema neno hilo la mwisho alionekana kusikitika, lakini Sindano hakuliona zito. Alikuwa anafikiria ofisi yenye dirisha, na swali lililomkuta jibu likiwa bado kisimani.

Dawa ilifanya kazi, polepole, kisha kwa kuonekana. Uvimbe wa uso ukashuka. Sauti ikarudi. Pete ikaanza kuzunguka kidoleni. Chakula kilikuwa kilekile. Mumewe alifurahi, akasema tairi limepata fundi wake, na safari hii walicheka wote wawili.

Furaha hiyo ilidumu mpaka alipoenda sokoni. Mwanamke muuza nyanya, ambaye binti yake alisoma shuleni pale, alimtazama juu mpaka chini.

"Sindano! Umekonda mwenzangu!"

Alipogeuka aende, akamsikia akimwambia jirani yake, wala hakupunguza sauti sana: "Si nilikwambia? Tangu atolewe stoo, angalia. Mwili hausemi uongo."

Sindano alirudi nyumbani na kikapu kitupu. Ugonjwa ulikuwa unamtoka, na kila alivyozidi kukonda ndivyo alivyozidi kuwa mwizi machoni pa watu.

Siku chache baadaye mdogo wake akaja tena. Alibisha hodi kama mgeni. Sindano alikuwa ameinamia sufuria ndogo ya kabichi na maharage, amevaa gauni jepesi, sweta limetundikwa msumarini.

"Dada, umependeza!" mdogo wake alisema, na machozi yakamlengalenga. "Umerudi kuwa wewe." Akakaa. "Nimetumwa. Mwalimu mkuu alikuona barabarani. Ameguswa sana. Anasema kama umejirudi, uende umwombe samahani, na kazi yako utaipata. Siku hizi wali wenyewe unaungua, wasichana wanalalamika."

"Samahani ya nini?"

"Dada, yameshapita. Mimi mwenyewe nimeshakusamehe. Ni neno moja tu, na ulimi hauna mfupa."

Sindano alikwenda dirishani, akaleta kichupa cha dawa, akakiweka mkononi mwa mdogo wake. Mdogo wake alikigeuza huku na huku.

"Ndiyo dawa ya kupunguza mwili hii? Ndugu yangu, si ungeniambia na mimi."

Sindano akamweleza. Sasa maneno yalikuja kwa wakati wake: tezi, damu, baridi. Mdogo wake alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa aliyeamka kutoka kwenye homa.

"Sawa, dada. Nimeelewa. Lakini samahani utasema?"

Sufuria ilikuwa inachemka. Kazi aliipenda. Alilipenda jiko lile, mvuke wake, kelele za sahani. Usiku aliota anakoroga.

"Nikisema samahani," alisema, "nitakuwa nimekula."

Akashika upawa. Bila kufikiri, mdogo wake alikinga kiganja, kama alivyofundishwa. Sindano akadondosha tone moja. Mdogo wake akalamba.

"Chumvi imekaa," alisema kwa sauti ndogo.

Hakungoja chakula kiive. Mlangoni akageuka. "Sasa nimwambie nini mwalimu mkuu?"

"Mwambie ulichokiona."

Mdogo wake alisimama pale. Alitazama kabichi, kichupa, sweta lililotundikwa, na kigoda ambacho sasa kilikuwa mbali na moto, karibu na dirisha, mahali penye upepo. Alivitazama kimoja kimoja, muda mrefu. Kisha akafunga mlango taratibu nyuma yake.

Sindano aliepua sufuria, akajipakulia sahani ndogo, na ya mumewe akaifunika.