Koti la Mtu wa Dukani

Wiki jana nilikwenda Kenton, huku Uingereza, kufunga nyumba ya nyanya yangu, mama yake baba. Nimechoka, rafiki yangu, na si kwa kubeba masanduku. Nyuma ya mlango wa chumba chake nilikuta koti la khaki, limepigwa pasi, palepale lilipokuwa nilipokuwa na miaka kumi.

Tulikuja kutoka Nairobi mwaka ule Wahindi wenye pasipoti za Uingereza walipokuwa wakiwahi kuingia kabla sheria mpya haijawazuia. Kila mtu sanduku moja. Nyanya aliacha sufuria zake za shaba, akaleta koti la mwanamume asiyekuwa ndugu yetu. Baba alilalamika mpaka akachoka. Nakumbuka harufu ya mafuta ya taa na binzari jikoni, madirisha yakitoka jasho, na kazi yangu ya kila Jumamosi: kuchambua dengu kwenye sinia.

Jirani yetu, Mwingereza mjane, aliwahi kuwa askari Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Nyanya hakujua Kiingereza, jirani hakujua Kigujarati, basi walielewana kwa Kiswahili cha kubomoa, mmoja cha kambini, mwingine cha dukani. Ungewasikia ungecheka. Jirani aliingia kwa mlango wa nyuma na matufaha ya bustanini kwake, akanywa chai ya tangawizi, kisha akatandaza vita juu ya sinia langu. Dengu walikuwa wapiganaji wa msituni, mchele askari wa serikali.

"Hii Naivasha," alisema. "Wao nakuja na lori, naingia posti ya polisi, nafungulia mahabusu, nachukua bunduki yote."

Serikali iliaibika siku ile, alikiri. Halafu zilikuja ndege kumwaga mabomu kwenye misitu ya Nyandarua. Mwisho alikusanya dengu katikati na kuzizungushia mchele: hiyo ilikuwa Nairobi, alfajiri jeshi lilipoufunga mji na kuwakamata Wakikuyu kwa maelfu. Msitu ukakatiwa chakula, dawa na risasi. Yaliyofuata, hata kukamatwa kwa kiongozi wao, kwake yalikuwa makombo tu. Nami nilibaki nikitenganisha dengu na mchele huku nikinung'unika.

Nyanya kila mara aligeukia jiko tukifika Nairobi. Jumamosi moja alileta koti, akaliweka mezani. Lilikuwa la mfanyakazi wetu wa dukani, Mkikuyu aliyemfundisha baba kuendesha baiskeli. Alfajiri ile askari walimtoa dukani bila koti, wakamuuliza nyanya kama ni mtu mwema. Nyanya aliliogopea duka, akatazama chini, nao wakampakia kwenye lori. Majuto ni mjukuu, wasema wenyewe, na mjukuu nilikuwa pale, vidole ndani ya dengu.

"Bwana," nyanya akasema, "wewe ilikuwa Nairobi siku ile. Lori yake ilienda wapi? Yeye iko hai?"

Jirani aliweka kikombe chini. Kisha, kwa mara ya kwanza jikoni mwetu, alizungumza Kiingereza, na alinitazama mimi. Alisema kazi yake ilikuwa kuwapakia tu. Majina hawakuuliza. Waliokufa katika kambi za kizuizini waliwazika hivyohivyo, bila majina. "Mwambie," akasema.

Nyanya akanigeukia. "Anasema nini?"

Nikasema, "Anasema watu wa lori lile walirudi kwao."

Nyanya alilia kwa furaha. Akapika halua ya unga wa suji kwa samli, nyumba nzima ikanukia, akampelekea jirani sahani kwenye ua. Jirani aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Najua alichodhani. Alidhani amesamehewa.

Hakutandaza vita tena. Nyanya alifua koti, na kila aliyesafiri kwenda Nairobi alimsihi alipeleke. Nani angekwenda nalo, kumtafuta mtu asiye na anwani? Kila sikukuu ya Diwali aliliteremsha akalipiga pasi, akisema maskini, kule kwao milimani kuna baridi.

Jirani alikufa, nyanya naye mwezi uliopita. Kile Kiswahili chao hakuna anayekisema tena, wanangu hunijibu kwa Kiingereza. Miaka yote hiyo nilikuwa na nafasi ya kumwambia nyanya kweli, na kila mara nilitazama chini, kama yeye.

Kabla ya kufunga mlango niligundua koti lina mkunjo mmoja kwenye mkono. Nikalitandika mezani, nikawasha pasi.