Penseli ya Marcelina

Mwaka ule wa 1973, Mwanamkuu alikuwa ndani ya eda nyumbani kwake Isevya, na adui yake alikuwa penseli.

Marehemu mumewe, Mwalimu Abbasi, alifundisha hesabu miaka kumi na minane. Mitatu ya mwisho aliifuatilia nyota kibete iliyolipuka karne nyingi zilizopita, akiiga kwa hesabu jinsi mabaki yake yalivyotawanyika. Aliligawa wingu lile matabaka thelathini, akawa analisogeza mwaka baada ya mwaka, ukurasa kwa ukurasa. Yeye aliandika kwa wino. Mwalimu mwenzake Marcelina, binti wa kijiji cha Goweko, aliandika kwa penseli. Kila Alhamisi walikaa barazani wameinamia daftari, na Mwanamkuu, aliyefika darasa la kumi, alikuwa jikoni akichemsha chai. Jirani yake Mwanajuma hakumwacha: "Shoga, huu ni ujamaa gani, hadi wa mume wa mtu?"

Sasa mhadhiri mmoja wa Dar es Salaam alikuwa ameandika kuliomba daftari. Mwanamkuu akashika kifutio. Siku tatu alifuta, hata ukabaki wino mtupu wa Abbasi. Kisha akaanza kuzipiga hesabu mwenyewe, apate kuhakikisha.

Wingu likatoka kubwa mara mbili ya lile linaloonekana angani. Akalitafuta kosa, akalikuta kwenye wino. Abbasi alisahau kwamba wingu likisafiri huzoa gesi ya njiani, likazidi kuwa zito na mwendo ukapungua, kama msafara wa zamani ulioongezewa mizigo kila kituo. Penseli aliyoifuta ndiyo iliyokuwa ikimsahihisha.

Daftari lingeenda hivyo, jina la Abbasi lingechekwa. Akamwita Marcelina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamsukumia daftari.

Marcelina alifunua kurasa tatu, nne. Alitoa penseli mkobani.

"Kwa nini hukumwambia anakosea?" Mwanamkuu aliuliza.

"Nilimwambia, mama. Akaniomba nisahihishe kimya kimya. Alisema, 'Mke wangu anaamini sikosei.'"

Hilo lilimchoma kuliko Alhamisi zote. Mwenzake aliachiwa kuyaona makosa ya Abbasi. Yeye, mke, aliwekewa sifa tu.

Wiki mbili walifanya kazi chumbani. Mwanamkuu alisoma tarakimu, Marcelina akaandika, na chai akachemsha Mwanajuma. Walipomaliza, Mwanamkuu aliandika juu ya jalada jina la mumewe, na chini yake la Marcelina, kwa herufi ndogo zaidi.

Marcelina akalitazama.

"Nafasi imekwisha," alisema Mwanamkuu.